Kona ya Kurukia

Fundi mmoja wa Kasenga alinibadilishia kioo cha simu, nikarudi nayo nyumbani iking'aa. Maharagwe yakiwa jikoni, nikafungua mchezo wangu. Ndani yake kuna mtu mdogo anayekimbia mwenyewe juu ya mapaa. Kazi yako ni kumfanya aruke. Unagusa kona ya kulia, chini, naye anaruka. Ukishikilia kidole, anaruka mbali zaidi. Siku ile niligusa, nikashikilia, nikabonyeza mpaka ukucha ukauma. Kila mara alitumbukia kwenye pengo la kwanza.

Nikapanda pikipiki, nikarudi kwa fundi nikiwa nimefura.

"Simu iko muzuri, mama," akasema, akaipigia ili niisikie ikilia.

"Kona hii haisikii kidole."

Akautazama mchezo, akacheka pamoja na wateja wake. "Mama muzima, unacheza michezo ya batoto?"

Kicheko kile kiliniudhi kuliko kioo kibovu. Nani alisema mwanamke aliyeshinda akifua na kupika hana ruhusa ya kucheza? Nikamtia simu mkononi. "Ruka weye, basi."

Akajaribu, akaanguka. Akaona aibu kuacha, akajaribu tena kwa vidole viwili, mwishowe akaanza kuitukana simu. Sasa wateja walimcheka yeye. Akachukua bisibisi, akaifungua bila kunitazama. Aliweka kioo kingine, kizima, lakini hakuniomba msamaha. Mpaka leo nikipita pale simsalimu.