Kucha Chini ya Hina

Juma lililopita, katika zahanati moja hapa Garissa, niliketi benchi moja na mama mmoja na mkamwana wake. Viwiko vya binti huyo vilikuwa na magamba meupe, na mama, akihofia ukoma, alikuwa amemkataza kukamua mbuzi.

Daktari mgeni alimpima pale pale barazani. Kucha zilikuwa nyekundu kwa hina, lakini hina ya Idi ilikwisha kupanda kadiri kucha zilivyokua, ikaacha ukingo mweupe shinani. Hapo akadondosha tone la mafuta, akaweka kilenzi chenye taa, ambacho jina lake ni dermatoskopu. Akatazama muda mrefu, hata upepo wa Tana ukawa kama umesimama kumngoja.

“Na mimi naangalia,” mama akasema, akainama. “Subhanallah! Hii ni mchanga, na manyunyu imepita juu yake.”

“Ni vishimo vya soriasisi, ugonjwa wa ngozi, mama. Si ukoma, wala haiambukizi.”

“Maziwa haina neno?”

“Haina neno.”

Mama hakumtazama mkamwana wake. Alitazama ng’ambo ya ua, kama mtu asikilizaye kengele za mifugo walio mbali.

“Hooyo,” akasema mwishowe, neno ambalo mama wa Kisomali humwitia mwanawe, “leo jioni mbuzi ni yako. Mimi mgongo inauma.”

Binti alivuta shela mdomoni, mabega yakamtikisika. Nimeishi huku miaka mingi, na sijasikia radhi ikiombwa vizuri zaidi.