Mkwe wa Trekta

Mume wangu aliniposa akiwa dereva wa trekta, na kwa ajili ya trekta hilo mama yangu alimsamehe jembe. Uchovu wangu ulianzia hapo.

Kwetu Wamwera, siku zile, mwanamume akioa anahamia upande wa mke. Anajenga karibu na mama mkwe, na kabla hajajilimia mwenyewe anamlimia yeye. Ndio mtihani wake. Mkwe mvivu anarudishwa kwao na mkeka wake. Tena mtu na mama mkwe wake hawasemezani uso kwa uso, ni heshima. Watakaa ua mmoja, wasikiane hata kukohoa, lakini kila neno lazima lipite kwa mke. Basi mke ndiye mimi.

Majina ya wote waliomo humu ninayo kichwani, hata la mbwa wa karani wa kambi, lakini siyaandiki. Wajukuu zao tunakutana gulioni mpaka leo, na sina nguvu tena za kuulizwa kwa nini nimesema.

Mume wangu alitoka Songea. Alikuja kwenye kazi ya karanga, ule mradi mkubwa wa Waingereza ulioanza baada ya vita, uliofyeka pori letu la Nachingwea mpaka ikawa kama jua linachelewa kuzama. Posa ilipoletwa, mama aliniambia mbele yake, "Muulize huyo, shamba langu atalilima lini?"

"Mwambie mama nitamlimia kwa trekta," akajibu. "Siku moja tu, shamba zima."

Mama alikubali. Hakuna mwanamke aliyewahi kuahidiwa hivyo, si kwetu, si Ruponda. Msimu wa kwanza ukapita, mabwana hawakuruhusu trekta litoke kwenye mashamba yao. Wa pili ukapita vilevile. Mama akaendelea kuinama mwenyewe, nami nikimsaidia huku nina mtoto mgongoni. Wenzake wakikutana naye njiani walimtania: "Yule mkwe wako wa trekta amefika wapi?"

"Yuko njiani," mama anasema. "Anatia mafuta."

Mimi nilikuwa nauza uji na mihogo ya kuchemsha nje ya kambi ya wafanyakazi, na mama alikuja kunisaidia kuchochea moto. Hapo ndipo tulipokuwa tunapata habari, kwa karani mmoja kutoka Nyasa aliyejua kusoma magazeti ya mabwana. Alikuwa anakaa kwenye gogo, anapuliza uji, halafu anasema, "Wamegombana tena."

Waliogombana walikuwa Uingereza, kwenye bunge lao. Karani alitueleza. Wengine wanasema pesa zimemwagwa porini, basi. Wengine wanasema ongezeni kidogo, zitarudi. Na serikali yenyewe imeshakopa mno, imewekewa kikomo. Haiwezi kukopa zaidi mpaka ipunguze matumizi.

"Serikali nayo inakopa?" mama akauliza. "Kwa nani, kwa Mhindi wa duka?"

"Kwa matajiri wao, mama. Na kwa Wamarekani."

"Wanakopeshana wao, wanagombana wao. Sasa sisi tumo wapi?"

Karani akapuliza uji wake. "Ninyi mmo kwenye matumizi," akasema.

Tukacheka. Tulikuwa hatujui.

Ilianza kwenye posho, sukari ikatoweka. Kisha lile gari la maji lililokuwa linapita vijijini likaacha kupita, tukarudia visima vyetu, navyo vilikuwa vimejaa majani. Kisha matrekta yakaanza kupangwa uwanjani, moja baada ya jingine, na nyasi zikaota katikati ya magurudumu. Zikija habari kwamba kule wamepatana, watu wanapiga vigelegele kambini. Juma linalofuata wamegombana upya. Ungedhani ni wake wenza.

Mume wangu akirudi jioni nilimuuliza, "Vipi huko?"

"Bado wanasema."

Hiyo "bado wanasema" nimelala nayo sijui mara ngapi. Huwezi kujenga jiko, huwezi kununua kuku wa kufuga, huwezi kumwambia mtoto tutakufanyia hiki au kile. Watu ambao hujawaona na hutawaona wamekaa mahali wanasema, na wewe unasubiri wamalize. Mume wangu alikonda bila kuumwa.

Basi siku moja akarudi mchana, na hakuwa mtu wa kurudi mchana. Blanketi lake liko begani. Walikuwa wamepangwa mstari asubuhi, nusu yao wakaambiwa kazi yao imefikia hapo. Na kwa wale wa Songea lingetolewa lori la kuwarudisha kwao, Ijumaa alfajiri.

Jioni alikaa kizingitini mwa nyumba yetu. Mama alikuwa upande wake wa ua, anamenya njugu mawe.

"Tunaondoka," mume wangu akaniambia. "Kwetu mke anamfuata mume. Ardhi ipo, ng'ombe wapo. Fungasha na watoto."

Nilikuwa na wawili. Kwetu sisi watoto ni wa upande wa mama. Mjomba wao ndiye mwenye sauti juu yao. Wakienda Songea wamekatika. Na mimi nikibaki, sina mume.

Mama hakuinua kichwa. "Mwambie mwenzio, lori ni la wafanyakazi. Wajukuu zangu hawakuajiriwa na mtu."

Nikamwambia.

"Mwambie mama, nikikaa hapa nitafanya nini? Kazi imekwisha."

Nikamwambia.

"Mwambie, iliyokwisha ni ile ya kule. Ya kwangu hajaianza."

Wote walikuwa wanasikiana, na bado ilibidi niyabebe yale maneno yote, moja moja, niyavushe ua, mpaka mate yakanikauka. Mwisho nikasema, "Na mimi je? Nani ataniuliza mimi?" Mama akaendelea kumenya. Mume wangu akaingia ndani.

Ijumaa niliamka, upande wake wa kitanda mtupu. Nikatazama ukutani, blanketi halipo. Halafu nikasikia honi ya lori kule kambini, na baadaye muungurumo wake ukishika barabara ya Masasi, ukipungua, ukipungua, mpaka kimya. Sikukimbia. Nikawasha moto nikabandika uji. Watoto wataamka, watataka kula, lori limeondoka au halijaondoka.

Mama akaja anahema. "Jembe langu liko wapi? Lile la mhunzi wa Ruangwa? Mwenzio amekwenda Songea na jembe langu!"

Hapo ndipo nilipozinduka. Mtu anayekimbia huwa hachukui jembe la mama mkwe. Nikaacha chungu motoni, tukashika njia ya shambani.

Blanketi tuliliona kwanza, limetundikwa kwenye mkorosho. Kisha tukaona mstari. Mvua zilikuwa hazijanyesha, udongo mgumu kama sakafu, na katikati ya shamba la mama ulipita mstari mmoja wa kulimwa, umenyooka kama uzi. Ulianzia njiani, ukapita shamba lote, ukavuka mpaka, ukaingia kwa jirani. Na yeye alikuwa kule mbali, kifua wazi, ametupa mgongo, bado anasonga mbele.

Mama aliufuata ule mstari kwa macho. "Mwambie mwenzio shamba letu liliishia pale kwenye mkorosho."

Nikapaza sauti nikamwambia. Akasimama, akageuka, akatazama alikotoka. Nadhani na yeye alishangaa.

"Mwambie mama," akajibu kwa mbali, "nimezoea kugeuza mwisho kabisa."

Kwenye mashamba yale ya mabwana, mwisho ulikuwa hauonekani. Mama akaketi chini palepale, akajifunika uso kwa kaniki, mabega yanatikisika. Sikujua anacheka au analia, mpaka akaniambia, "Mwambie asogee kushoto, arudi. Mstari mmoja si shamba."

Viganja vya mume wangu vilichubuka vyote. Jioni nilimwosha kwa maji ya chumvi. Yule jirani alipanda mbaazi kwenye mstari aliopata bure.

Kule bungeni sijui waliishia wapi. Karani naye alikuja kuniaga, sanduku mkononi. Akanywa uji wake, akasema, "Na mimi kumbe nimo kwenye matumizi." Matrekta yakachukuliwa, pori likarudi taratibu.

Mume wangu alimlimia mama misimu yote iliyobaki, na misimu yote hiyo maneno yao yalipita kwangu. Hata mama alipolala kwa ugonjwa wake wa mwisho, yeye ndani, mkwewe nje ya mlango, aliniita akanong'ona, "Mwambie mwenzio mawingu yamekusanyika, aanze."

Nikatoka kumwambia. Hakuwepo tena pale mlangoni, na jembe halikuwepo ukutani.