Ngata ya Mwanga

Katikati ya galaksi moja ya mbali kuna shimo jeusi lenye uzito wa mabilioni ya majua, na mimi nilijaribu kulieleza kwa miwani ya jua ya gulioni.

Aliyeniita ni mpwa wangu. Amechaguliwa kidato cha tano kusoma fizikia, lakini baba yake, mkulima wa chai huku Mponde, anataka asomee ualimu wa chekechea karibu na nyumbani.

"Mjomba, wewe uliandika magazetini. Baba atakusikiliza."

Sifa hiyo ilinilevya. Nikapitia Lushoto kuchapisha picha ya shimo: pete ya mwanga yenye mistari iliyojipinda. Wino wa rangi ulikuwa umekwisha, ikatoka ya kijivu kama ugoro. Nikamweleza shemeji kwamba mistari ile inaonyesha mwanga unatikisika kuelekea upande gani, na ndiyo inayofichua nguvu ya sumaku kulizunguka shimo. Kisha, kwa kupenda makuu, nikavaa miwani na kutangaza kwamba inapitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, kwa hiyo nikizungusha simu, kioo chake kitaingia giza.

Nikazungusha. Nikainamisha na shingo. Miwani haikuwa ya aina hiyo.

"Shemeji, giza limefika?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi tunywe chai wakati unalisubiri."

Dada yangu alicheka mpaka akashika mlango. Mpwa wangu akaenda jikoni, akarudi na ngata ya majani makavu ya mgomba ambayo mama yake huweka kichwani akibeba chai. Akailaza kando ya picha. Zilifanana kuliko nilivyopenda.

"Baba, ukiona msokoto huu unajua mikono ilizungukia wapi, hata kama hukumwona mama akisokota. Mistari hii ni hivyo hivyo. Sumaku hatuioni, ila mwanga umebeba alama yake."

Shemeji, ambaye kwangu hakuwa ameuliza lolote la maana, akaigeuza ngata mikononi.

"Na siku zote imesokotwa upande huu?"

"Hapana. Wanasayansi walipolipiga picha tena miaka mingine, mistari ilikuwa imegeuka."

"Kwa nini?"

Mpwa wangu akanitazama. Nikavua miwani, kana kwamba ndiyo iliyonizuia kujua.

"Hawajajua bado, baba."

Shemeji akaenda shambani. Dada amekwisha kununua sanduku la shule. Liko chini ya kitanda. Kuripoti ni Jumatatu, na shemeji hajasema kitu.