Mama Prince na Mnyama wa Kuomba Msamaha

Léonie, ambaye sote tunamwita Mama Prince, alisema uongo juu yangu. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, kwenye kundi la WhatsApp la Wakongo wa magharibi ya Sydney, kwamba mimi ndiye niliyepeleka korona kwenye matanga nyumbani kwa Papa Balagizi, ndani ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Hakusema anadhani. Alisema, "Mwacheni na sombe lake." Siku ile ya matanga nilikuwa nimetoka kupimwa puani, maana nafanya usafi kwenye nyumba ya wazee, na nilionekana mzima. Aliyekuwa akikohoa pale alikuwa yeye.

Baada ya hapo tulifungiwa majumbani kwa miezi, na uongo ule ukabaki ndani ya simu za watu. Hakuna aliyeniona nikiwa mzima. Walinisikia tu kwenye simu, na mtu wa kwenye simu anaweza kuwa na ugonjwa wowote.

Sitaki mtu adhani Mama Prince ni mbaya tangu kuzaliwa. Alikuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni Uvira, na ile sauti ya kuitia wateja alikuja nayo mpaka Australia. Anafanya kazi kwenye ghala moja Auburn, anapanga maboksi, na wenzake wanasema hahitaji kipaza sauti. Nilipofika nchi hii, yeye ndiye aliyenionyesha treni ya kwenda kazini, na baridi ya kwanza aliniletea blanketi bila kuombwa. Mtu akilazwa hospitali, yeye hufika wa kwanza. Shida yake ni kwamba akifika wa kwanza lazima awe na habari ya kusema, na kama hana, anatengeneza.

Mimi sikusoma sana. Jina nililokuwa nalo kwa watu ni la sufuria yangu. Kila matanga, kila ubatizo, walikuwa wananiita mimi. Binti yangu Déborah alikuwa anaolewa Desemba, baada ya kufunguliwa, na watu wakaanza kuniuliza kwa upole nani atapika. Nilijua wanachouliza. Harusi ya mtoto wako watu waogope mkono wako, hiyo si harusi. Nikaenda Rooty Hill kwa Papa Balagizi, ambaye ndiye anatuamulia mambo kwa sababu ana miaka mingi hapa na ana gari kubwa, nikamwambia nataka jina langu lisafishwe kabla ya Desemba.

Kilimani kwetu, mtu akimpaka mwenzake jina baya, hasemi samahani akaenda zake. Anatafuta mbuzi mzima, anamfunga kamba na kumvuta mwenyewe kwa miguu, watu wakimwona, na yule aliyekosewa anatembea nyuma yake kimya. Mwisho wa njia mkosaji anampa aliyekosewa kamba na kusema maneno mawili: nilisema uongo. Ndipo mbuzi analiwa na wote. Anayeshika kamba ndiye mkosaji, hata mtoto mdogo akipita njiani anajua.

Mama Prince alikubali. Tatizo likawa mbuzi. Bucha za Auburn zimejaa mbuzi, lakini wote wamekwishachinjwa, wananing'inia, na hakuna hata mmoja wa kutembea. Papa Balagizi aliniuliza kama mguu wa mbuzi uliogandishwa unaweza kuvutwa kwa kamba. Nilimwambia hapana.

Kisha Mama Prince akatutumia sauti, amefurahi. Amepata shamba kule karibu na milima, ameliona kwenye simu. Unachagua mnyama wako, unapewa kamba, unamvuta mwenyewe kwenye njia, halafu mnakaa bandani mnakula pamoja. Alisema, "Kumbe Wazungu nao wana desturi hii." Picha ilionyesha mnyama mwenye shingo ndefu na nywele nyingi usoni. Papa Balagizi akasema huyo ni mbuzi wa nchi hii, tusishangae, kwani tumeona kangaruu.

Tukaenda, madirisha yote ya gari wazi, barakoa usoni. Nyuma tulipakia sufuria, makaa, unga wa fufu, na kisu ambacho Papa Balagizi alikuwa amekinoa tangu jana yake. Mama Prince alikaa mbele, akaimba njia nzima. Mtu anayekwenda kuomba msamaha haimbi, lakini nilinyamaza, maana desturi inanitaka kimya.

Mwenye shamba alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi na mabuti ya mpira. Alitupokea kama ndugu. Akatwambia wanyama hawa wanaitwa alpaka, asili yao ni Amerika ya Kusini, wanakatwa nywele mara moja kwa mwaka na nywele hizo zinakuwa sweta. Juu kwa mbele hawana meno. Hawapendi kushikwa kichwa. Jike mwenye mimba akisogezewa dume anamtemea mate, na hivyo ndivyo watu wa shamba wanavyojua kwamba ana mimba. Hapo Mama Prince alicheka sana, akasema angejua mapema naye angefanya hivyo.

Alichagua mnene. Papa Balagizi alimpapasa mgongo kwa vidole, kama tunavyompima mbuzi, na yule mama akamsifu, akasema hivyo hivyo ndivyo wao wanavyowapima. Papa Balagizi alivimba kichwa. Akauliza tumchinjie wapi.

Yule mama alifikiri hajasikia vizuri kwa sababu ya barakoa. Papa Balagizi akashusha barakoa, akauliza tena, na ili aeleweke akaonyesha kwa mkono shingoni. Mama wa watu alimkumbatia yule mnyama. Akasema huyu anaitwa Gerald.

Mama Prince aliniuliza kwa Kiswahili ni mnyama gani wa kuliwa ana jina la Mkristo. Ilikuwa kosa kumjibu, lakini nilimjibu, nikamwambia ni yule uliyemchagua wewe.

Papa Balagizi hakukata tamaa. Aliuliza kama tunaweza kumnunua tukaondoka naye mzima. Yule mama akasema alpaka hauzwi peke yake. Akitengwa na wenzake anahuzunika, anaugua. Lazima waende wawili au watatu, na lazima tuwe na shamba. Mama Prince anakaa ghorofa ya tatu.

"Na kosa langu," alisema, "si kosa la wanyama wawili."

Papa Balagizi alikaa kwenye benchi akafikiri. Mwishowe akaamua kwamba sehemu kubwa ya desturi ni kuvuta, kuchinja kunaweza kusubiri. Gerald avutwe. Hapo mimi nilikuwa bado nimeridhika, maana nilichokuwa nataka ni yale maneno mawili.

Lakini Gerald hakuvutika. Alisimama akavuma puani, mmm, mmm, kama mtu anayeambiwa jambo asilolipenda. Yule mama akasema bila shaka, hatembei bila mwenzake. Akaleta wa pili, mweupe, na kabla sijajua anafanya nini alinitia kamba mkononi. Nikaiachia. Akaiokota akanirudishia, akiwa anatabasamu. Nikaiachia tena. Nilimwambia Papa Balagizi mimi sikukosa, sishiki kamba, ashike yeye. Alisema mwamuzi hawezi kushika kamba, na dada, saa tuliyolipia inaisha.

"Ishike kidogo tu," alisema. "Usiikaze."

Basi tukaondoka. Mama Prince mbele na Gerald, mimi nyuma na mweupe, kamba nimeishika kwa vidole viwili. Katikati ya njia Gerald alisimama penye lundo la mavi, akajisaidia. Wangu naye akaenda hapo hapo kufanya vilevile. Yule mama alitueleza kwamba wote hutumia mahali pamoja, na mmoja akianza wengine wanakumbuka. Tukasimama tukingoja, Papa Balagizi amekunja mikono kama yuko kanisani. Mama Prince akageuka, akaona kamba mkononi mwangu, na nikaona macho yake juu ya barakoa yamepata habari.

"Mama Déborah," alisema, "kumbe na wewe umeleta wako."

Tulipofika mwisho wa njia alininyooshea kamba ya Gerald. Nikangoja maneno. Alisema, "Pokea wangu, nami nipokee wako. Tusameheane."

Tusameheane. Mimi nilimkosea nini? Nilimwambia asiseme hivyo, aseme yale mawili. Lakini alikwisha kuichukua kamba yangu, na yule mama wa Kizungu alipiga makofi, akatwambia tusimame karibu tupigwe picha. Papa Balagizi akatangaza kwamba kila mmoja amevuta mnyama, kila mmoja amepokea kamba, hakuna anayemdai mwenzake. Tukaenda bandani tukala keki na jamu.

Picha Papa Balagizi aliiweka kwenye kundi jioni ile. Watu walituma mioyo. Waliona wanawake wawili na alpaka wawili, wakafikiri tumekwenda kutembea. Wale wa kilimani kwetu waliona zaidi. Mmoja aliniandikia kunipongeza kwa kuwa nimekubali kosa langu.

Desemba Déborah aliolewa. Nilipika sombe usiku kucha. Watu walikuja, wakacheza, wakala kuku wa kuagizwa kutoka kwa Walebanoni, na sufuria yangu nikarudi nayo nyumbani imejaa, mafuta yameganda juu. Mama Prince ndiye aliyekuwa anagawa sahani, na kwa sauti yake aliwaambia wageni wasiogope, sisi wawili tumekwisha kusameheana.

Kwa hiyo naandika ijulikane. Mimi sidaiwi kitu. Ile kamba ilikuwa ya shamba, na niliishika kwa vidole viwili. Mama Prince hana anachonidai. Mimi namdai mbuzi mmoja, mzima, anayetembea peke yake bila mwenzake, na maneno mawili, bila barakoa, mbele ya watu wale wale waliosikia ya kwanza. Na Papa Balagizi ananidai, hapana, mimi namdai aitoe ile picha.