Chisomo alisema "karibu" tu

Jamani, leo neno "karibu" nusura limrudishe mtoto wa watu Malawi!

Chisomo ni yule mwanafunzi wa chuo niliyempangisha chumba. Leo hakuwa na kipindi, akanifuata dukani Kariakoo.

Nikamwambia kama ninavyomwambia jirani yeyote, "Nishikie duka mara moja, mwanangu, naenda kuswali."

Narudi, nakuta maofisa wawili wa uhamiaji wamesimama mbele ya vitenge vyangu. Pasipoti ya Chisomo wameishika wao.

"Kibali chako ni cha kusoma. Mbona unauza duka?"

"Siuzi. Nilisema karibu tu."

Mimi na kiherehere changu nikadakia, "Huyo mwanangu wa kumzaa!"

Ofisa akaangalia pasipoti, akaniangalia mimi.

"Mama, ulimzalia Blantyre?"

Nikajifanya nakunja kitenge.

Bahati kulikuwa na mteja, dada mmoja kanuna huyo! Akalipuka: "Muuzaji gani huyu? Kila kitenge nikimuuliza bei, ananiambia mwenyewe anakuja! Anachojua ni karibu, karibu!"

Ofisa akacheka, akamrudishia pasipoti. "Soma, binti. Duka muachie mama."

Yule dada nimempunguzia bei mpaka kashangaa.

Nikadhani yameisha. Jioni kaingia mteja mwingine, Chisomo akageukia ukutani, kimya.

Sasa nyie niambieni, nimwambieje huyu mtoto kwamba kumkaribisha mtu hapa Bongo si kosa?