Tajiri Kauza

Juzi nilikuwa nakunywa chai kwa mama lishe mmoja hapa Tunduma, pembeni ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mume wake ni dereva. Akaingia amenuna, akasukuma chapati pembeni.

"Mama watoto, tajiri kauza. Tumechukuliwa na Mmarekani."

Mkewe akaweka birika chini. Huku kwetu dereva akisema tajiri, anamaanisha mwenye lori.

"Na nyie anawabakiza?"

"Thubutu. Hawa wakija wanafukuza wote, wanaleta watu wao."

Mama akatoka nje na simu, akampigia mama mkwe wake kule Mbozi: lile shamba la kahawa asimkodishe mtu, wanarudi kulima. Aliporudi, mume alikuwa bado analalamika.

"Na kocha naye wataanza naye."

"Kocha wa lori?"

Kumbe kilichouzwa ni timu yake ya Uingereza. Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

"Huyo Mmarekani anakujua?"

"Hanijui."

"Na aliyekuuza?"

Mwanaume akasukumiwa simu. "Haya, mwambie mama yako mwenyewe."

Akapiga. Mama yake alishamrudisha mtu aliyekuja kukodi shamba, na alikuwa anafagia chumba cha kuwapokea.

Jamani, tusemane kweli. Timu ni ya aliyeinunua. Chako shabiki ni jezi, nayo kakuuzia yeye. Sasa ukisema "tumeuzwa", taja kabisa ni nani, maana wenzako wanafungasha.