Mkataba Alioutia Sahihi Wartinih

Jumuiya yetu ya wasichana wa Kiislamu, pale kijijini kwetu, pwani ya Indramayu, ilijulikana kwa matari na maulidi. Vitabu aliviingiza Khumaeroh, mshona mitandio, mwaka ule alioachwa na mumewe. Akaweka sharti: hashiki mtu tari kabla hajasoma ukurasa mmoja na kutueleza alichoelewa.

"Dada Meroh, tumekuja kuimba au kufanya mtihani?" tulimtania.

"Imbeni mchoke. Lakini karatasi msiyoijua isije ikawauza."

Wartinih ndiye aliyemchosha zaidi. Kurani aliisoma kutushinda sote, ila habari fupi ya gazeti ilimtoa jasho, maana shule aliiacha darasa la tatu ili amuuguze mama yake. Khumaeroh alikaa naye kila Ijumaa, kidole juu ya neno, miezi minane. Siku alipomaliza hadithi nzima bila kukwama, tulimpigia matari mpaka majirani wakalalamika.

Mwezi wa Shaabani, dalali wa watumishi wa ndani akaleta mkataba wa Uarabuni. Wartinih akaja nao mbio. Nilikuwapo, napiga pasi mitandio.

"Wameandika nina miaka ishirini na tatu. Mimi nina kumi na saba! Na hapa, pasipoti inakaa kwa tajiri. Nimekosea, dada?"

"Hukukosea. Usitie sahihi. Nitaongea na baba yako."

Mzee hakumkaribisha hata kibarazani. "Shamba limeliwa na chumvi, mama yake haamki kitandani. Vitabu vyako vitampikia uji? Ndoa yenyewe imekushinda, unanifunza nini mimi?"

Jumatatu Wartinih alitia sahihi, jina zima.

"Kwa nini, mdogo wangu?" Khumaeroh aliuliza.

"Wenzangu walitia bila kujua. Mimi nimejua. Tofauti ni hiyo tu."

Alipoondoka, akina mama waliwatoa binti zao: eti Khumaeroh anafundisha ukaidi. Baba yake Wartinih akawa hamjibu hata salamu. Tulibaki watatu.

Baada ya mwaka, mwenzake aliyerudi kutoka Uarabuni alituletea barua ya Wartinih. Mistari sita, hakuna kosa. Anaamka kabla ya alfajiri, simu wamemnyang'anya, tusimwambie mama. Khumaeroh alianza kutusomea kwa sauti. Alipofika mstari wa nne akanipa karatasi, nikamalizia mimi.

Hatujapata nyingine.